Joto la Makete

Walichukua saa kwanza, kisha viatu,
kisha daftari, na penseli iliyokuwa nyuma ya sikio
ambayo mwenyewe nilikuwa nimeshaisahau.
Mmoja akafunua kurasa, ameshika kichwa chini miguu juu,
akauliza mizinga yenu iko ukurasa gani.
Nikasema humo mna bei ya ndizi sokoni
na jina la mbwa wa kombania.
Nikapigwa kwa ajili ya mbwa.

Stoo ya kahawa. Tulikuwa kumi na mmoja,
wanajeshi kumi, na mimi.
Wao waliulizwa namba zao, wakazitaja, yakaisha.
Mimi sikuwa na namba.
Ukisema mwandishi wanasikia jasusi,
neno lile lile limebadili kofia.
Usiku nilitunga habari kichwani, aya kwa aya,
na mhariri aliye mbali akaikata mkia.

Koplo Ayiko hakujua kusoma.
Alikuja zamu ya saa nane ya usiku
na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara:
"Andika. Mimi iko mzima. Mbuzi ile nyeusi usiuze."
Nikaandika. Nikaongeza, bila kuambiwa, nakukumbuka.
Akataka nimsomee. Nilipofika hapo akanyamaza,
akanimegea nusu ya muhogo wake,
na asubuhi akanipiga kama kawaida, mbele ya wakubwa.
Sijui kama barua ilifika.
Sijui kama mbuzi yupo.

Wiki ya tisa wakanipeleka kwenye maikrofoni.
Karatasi imepigwa taipu, makosa matano mstari wa kwanza:
kwamba natubu, kwamba jeshi letu linakimbia,
kwamba nakula vizuri.
Bastola juu ya meza, imelala ubavu kama paka.
Nikaomba jambo moja, niwasalimie wa nyumbani.
Luteni akatazama saa, saa yangu. Haya, fupi.
Nikasema: nawasalimu wote huko Makete,
nalikumbuka sana joto lenu,
hasa lile la mwezi wa saba.

Mwezi wa saba, Tandala,
maji ya ndoo huvaa kioo alfajiri,
viazi huungua shambani kwa sakitu,
na mtoto huenda shule amejifunga blanketi
kama mzigo uliojibeba wenyewe.

Mama alikuwa ameziweka betri kando ya meko
maana jua la kuzianika halikuwepo.
Redio ikakohoa, ikataja jina langu.
Mjomba Yeremia, aliyekwisha kurithi koti langu
(tanga lilikuwa limeanuliwa mwezi mzima),
akainamisha kichwa: ametuuza.
Akasikiliza hadi mwisho, bado kichwa chini.
Mama akaanza kucheka.
Wanasema alicheka mpaka akashika nguzo.
"Joto! Mmesikia? Joto la Makete!
Huyo ni wangu, na akili zake anazo.
Yeremia, vua koti."

Nilirudi kwa lori la pareto,
kaptula ya msaada, magoti yanagongana tangu Njombe.
Koti lilikuwa linaning'inia mlangoni, limefuliwa,
kifungo kimoja si chake.

Mpaka leo nikipita sokoni wananitania:
Bwana Tweve, joto vipi?
Nami najibu, linaunguza,
tunacheka, wananijazia viazi kisado mpaka vinamwagika.
Hakuna anayeuliza wale kumi walirudi wangapi.

Mhariri ndiye aliuliza, kwa barua:
maneno mia nane, kufikia Ijumaa.
Nikaketi na karatasi, moto umekolea, koti mwilini.
Nikaandika, mimi iko mzima.
Nikaandika, mbuzi ile nyeusi usiuze.
Ijumaa ikapita.